Redio Inapokwaruza: Kitufe cha Kaboni na Chipu ya Vituo Mia

Katika nyumba nyingi zenye redio ya miaka mingi, mlio huo unafahamika vema. Baba anataka kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku, anashika kitufe cha sauti na kukizungusha, na badala ya sauti kupanda polepole, spika inakwaruza kama mtu akokotaye sufuria juu ya saruji. Sauti inatoweka, kisha inarudi kwa kishindo, na mtoto aliyekwisha kulala anaamka akilia. Aghalabu mmoja wa jamaa huipiga redio kofi, na ajabu ni kwamba kofi hilo husaidia kwa siku mbili tatu. Baadaye lawama huangukia betri, au kituo cha matangazo, au mvua. Vyote hivyo havina hatia. Kosa limo chini ya kitufe chenyewe, katika chombo kidogo kiitwacho potenshiomita, ambacho mafundi wengi hukiita volyumu tu.

Chombo hicho si kigumu kukielewa. Ndani yake mna utepe wa kaboni uliokunjwa mfano wa bangili isiyofungwa. Ncha mbili za utepe zimeungwa na miguu miwili ya nje. Mguu wa tatu, ule wa katikati, umeungwa na mkono mdogo wa chuma utelezao juu ya utepe kila kitufe kizungushwapo. Kaboni huuzuia umeme kwa kiasi fulani, na kuzuia huko huitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Ikiwa volti 5 zimewekwa kati ya ncha mbili za utepe wa kawaida, mkono ulio katikati hupata volti 2.5, na mkono uliofika robo ya njia hupata volti 1.25. Sauti ya redio, kabla haijafika kwenye sehemu ya kuikuza, hupitishwa hapo na kugawanywa kwa namna hiyo hiyo. Kitufe hakiongezi chochote. Hukata tu sehemu na kuiacha iliyobaki ipite.

Hapa pana jambo moja ambalo hata mafundi wenye uzoefu hulisahau. Sikio la binadamu halipimi kama rula. Sauti iliyopunguzwa msukumo wake kwa nusu haisikiki kuwa nusu. Husikika kuwa imeshuka kidogo tu. Kwa sababu hiyo potenshiomita za sauti hutengenezwa kwa utepe usio na usawa, ambao ukinzani wake huongezeka kidogo kidogo mwanzoni na kwa wingi mwishoni. Huu huitwa utepe wa logi. Fundi akitia mahali pake utepe wenye usawa, sauti itaruka juu katika robo ya kwanza ya mzunguko, na robo tatu zilizobaki hazitakuwa na kazi. Katika vyombo vingi vitokavyo Asia, herufi A iliyopigwa mgongoni humaanisha logi, na herufi B humaanisha utepe wenye usawa. Lakini baadhi ya watengenezaji wa Ulaya wa zamani waliandika A kwa maana ya usawa. Mita ni shahidi bora kuliko herufi.

Basi mkwaruzo watoka wapi? Mkono wa chuma ukiteleza juu ya kaboni kwa miaka, huichimba. Chembe za kaboni huchanganyika na vumbi, na moshi wa jikoni, na mafuta ya mapishi yaelekeayo hewani, hasa pale redio inapowekwa juu ya kabati karibu na jiko. Unyevu wa pwani au wa maziwa makuu huzidisha uchafu huo. Mkono ukipita hapo huachana na utepe kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ukarudi, ukaachana tena, na kila mwachano huo spika huutangaza kwa sauti kubwa.

Tiba ya kwanza haina gharama. Redio izimwe, betri zitolewe au waya wa umeme uchomolewe, kisha kitufe kizungushwe kutoka mwanzo hadi mwisho mara ishirini hivi. Mara nyingi uchafu huondoka wenyewe. Tiba ya pili ni dawa ya kopo ya kusafishia viungo vya umeme, ipulizwayo kidogo kupitia tundu lililo karibu na miguu mitatu. Mafuta ya taa hayafai, ijapokuwa watu wengi huyatumia: huacha ute unaokamata vumbi zaidi, na baada ya mwezi hali huwa mbaya kuliko mwanzo. Mafuta ya kula ni vivyo hivyo. Petroli ni hatari kabisa, kwani hushika moto na huweza kuharibu plastiki. Tiba zote mbili zikishindwa, utepe umekwisha kuliwa, na hapana budi kununua potenshiomita mpya ya ukinzani ule ule na utepe wa aina ile ile. Bei yake ni ndogo, na kazi ya kuilehemu ni ya miguu mitatu, au mitano ikiwa swichi ya kuwashia imo humo humo.

Ndugu yake mdogo hujificha ndani ya sanduku. Huyo hana kitufe. Ana mfuo mdogo wa kuingizia bisibisi, na kazi yake ni kuweka kipimo kimoja kiwandani kisha kuachwa hapo. Fundi huwakuta wengi ndani ya televisheni za zamani, mizani za umeme na vyombo vya kuchajia betri. Habari ya kuzaliwa kwake yapendeza kusimuliwa katika ukurasa wa nyumbani. Mwaka 1947, Marlan Bourns na mkewe Rosemary walianza kutengeneza vyombo vya kupimia katika gereji ya magari huko Altadena, jimbo la California, Marekani. Mwaka 1952 wakatoa potenshiomita ndogo ya kurekebishia kwa bisibisi, wakaiita Trimpot, na jina hilo likaenea mpaka wengine wakalitumia kwa kila chombo cha aina hiyo.

Vyombo hivyo vina adabu zake. Mara nyingi kiwanda hudondoshea tone la rangi juu ya mfuo ili usisogee. Tone hilo ni amri ya kutogusa, na mwanafunzi alibanduaye kwa udadisi hujiletea kazi ya siku nzima. Tena havikuumbwa kuchezewa: aina moja iuzwayo sana, ile ya kugeuzwa mara 25 toka mwanzo hadi mwisho, imeahidiwa na mtengenezaji safari 200 tu maishani mwake. Kutikiswa ndani ya basi au lori juu ya barabara mbovu huweza kuusogeza mkono wake unywele mmoja, na katika mizani ya dukani unywele mmoja ni gramu za sukari ambazo mtu amelipia bila kuzipata.

Ni katika miaka ya 1980 ambapo kampuni ya Xicor, iliyokuwa Milpitas, pia California, ilileta sokoni jawabu la namna nyingine: potenshiomita isiyo na kaboni ya kukwanguliwa wala mkono wa chuma. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Intersil mwaka 2004, nayo Intersil ikanunuliwa na Renesas ya Japani mwaka 2017, lakini chipu zake zimebaki katika vyombo vingi, na mojawapo, X9C103, huuzwa juu ya vibao vidogo ambavyo wanafunzi wa umeme hujifunzia. Huo ni mfano unaotosha kueleza ukoo mzima.

Chipu hiyo ina miguu minane na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ndani yake zimepangwa rezista 99, moja baada ya nyingine, kama vidato vya ngazi. Jumla ya ukinzani wake ni omu 10,000, kwa hiyo kila kidato kina omu 101 hivi. Penye kila kiungo, pamoja na ncha mbili, pana mlango mdogo uliotengenezwa kwa transista; vituo vyote ni 100, kutoka sifuri hadi 99. Mlango mmoja tu hufunguliwa kwa wakati mmoja, nao ndio unaoshika nafasi ya mkono. Mguu mmoja wa chipu huambiwa mwelekeo, kupanda au kushuka. Mguu mwingine hupokea mipigo ya umeme, na kila mpigo mmoja huhamisha mlango hatua moja. Mguu wa tatu huiamsha chipu isikilize au huiamuru inyamaze. Zipo chipu nyingine za vituo 32, 64, 128, 256, hata 1,024, na nyingi za leo hazipokei mipigo bali namba kamili, iliyotumwa na kompyuta ndogo ya chombo kupitia waya mbili au tatu. Lakini ngazi na milango ni ile ile.

Sifa yake kuu ni kumbukumbu. Umeme ukikatika, kitufe cha kale hubaki kilipoachwa kwa sababu ni kitu kizito kisichojisogeza. Chipu ingesahau, kama isingepewa mahali pa kuandika namba ya kituo chake. Mtengenezaji wa X9C103 ameandika kwamba namba hiyo hudumu miaka 100 bila umeme, na kwamba mahali hapo paweza kuandikwa mara 100,000. Hesabu ya pili yastahili kuangaliwa na mtu mwenye nyumba. Kama chombo kimeundwa vibaya kikaandika kila sauti inaposogezwa, na jamaa wakaisogeza mara 50 kwa siku, kumbukumbu hiyo itachakaa baada ya siku 2,000, yaani miaka mitano na nusu. Mwundaji mwenye busara huisogeza chipu mchana kutwa bila kuandika, akaandika mara moja tu kabla ya kuzima. Chipu yenyewe imempa nafasi hiyo: mguu wa mipigo ukiwa juu wakati inaponyamazishwa, huandika, ukiwa chini, haiandiki.

Faida zake ni dhahiri pale mkono wa mtu usipofika. Chombo kilichofungwa juu ya mnara, au ndani ya kasha lisilopaswa kufunguliwa, chaweza kurekebishwa kwa amri kutoka mbali. Kiwandani, badala ya wafanyakazi kuketi safu nzima na bisibisi, mashine hupima na kuandika kipimo kwa sekunde chache. Wala mtikisiko wa barabara hauhamishi mlango wa transista. Kabla ya chipu hizi kuenea, watengenezaji wa vikuza sauti vya gharama waliotaka rimoti iamuru sauti walifunga mota ndogo nyuma ya potenshiomita, na kitufe kikazunguka chenyewe mbele ya wageni kana kwamba kimeshikwa na jini. Baadhi ya vyombo hivyo vingali vinatengenezwa, na wapenzi wa muziki huviona bora. Hawakukosa sababu.

Kwa maana chipu ina udhaifu wake, na wauzaji hawautangazi. Kwanza ni hatua. Kitufe cha kaboni hupanda kama mtelemko. Chipu hupanda kama ngazi. Katika X9C103, ambayo vidato vyake vina usawa, kuhama kutoka kituo cha 1 hadi cha 2 huongeza msukumo wa sauti mara mbili, na sikio hushtuka. Kuhama kutoka cha 98 hadi cha 99 hakuna atakayetambua. Sauti ikipandishwa upesi, hatua hizo husikika kama zipu ya koti inayofungwa. Kwa hiyo kazi ya sauti hutaka chipu ya logi, nazo zipo, na mtu anunuaye kwa kutazama omu peke yake hurudia kosa lile lile la herufi A na B.

Pili ni usahihi. Chipu ya omu 10,000 yaruhusiwa na kiwanda chake kuzidi au kupungua kwa asilimia 20, yaani ikawa omu 8,000 au 12,000. Tena mlango wa transista wenyewe una ukinzani, omu 40 hivi katika X9C103 na hata 100. Mwenye kuitumia kugawanya volti hapati hasara, maana vidato vyote hukosea pamoja na mgao hubaki sawa. Kituo cha 50 kitatoa karibu nusu, jumla iwe ngapi. Mwenye kuitumia kama rezista moja ya kuongezwa na kupunguzwa ndiye atakayeshangaa kwa nini vibao viwili alivyovitengeneza sawasawa havilingani.

Tatu, na hili ni la usalama, chipu hii ni kiumbe dhaifu. Ncha za ngazi yake hazistahimili zaidi ya volti 5 juu au chini ya sifuri, na milango hupitisha miliampea chache tu. Balbu ndogo ya tochi ya zamani hutaka miliampea 300 hivi. Vijana wapendao kujaribu wasidhani kwamba kilichochukua nafasi ya kitufe cha redio chaweza kuchukua nafasi ya kitufe cha kupunguzia mwanga wa taa ya nyumba au mwendo wa feni. Hiyo ni kazi ya umeme wa volti 220 au 240, wenye kuua mtu. Chipu itapasuka kabla ya kazi kuanza, na aliyeinama juu yake hatakuwa salama.

Baada ya maelezo hayo yote, linabaki swali linaloulizwa kwenye meza ya fundi. Mama amepeleka redio inayokwaruza. Fundi kijana, ambaye amesoma mambo mapya, anaigeuza na kusema:

"Mama, hii teknolojia ya zamani. Afadhali tutoe kitufe, tuweke chipu na vitufe viwili vya kubonyeza. Haitakwaruza tena."

"Na itagharimu kiasi gani, mwanangu?"

Bei atakayoitaja, iwe ngapi, ni fedha zilizokusudiwa jambo jingine nyumbani, na mama ana haki ya kuambiwa ukweli. Chipu peke yake haifanyi kazi. Hutaka volti 5 safi, ambazo redio ya betri nne za volti 1.5 haina mpaka itengenezewe. Hutaka kitu cha kuipelekea mipigo. Vitufe vya kubonyeza navyo hudunda: mtu akibonyeza mara moja, vyuma vya ndani hugusana mara kadhaa kabla ya kutulia, na chipu ikahesabu hatua saba badala ya moja, mpaka atiwe mlinzi wa kuituliza. Baada ya miaka, mpira wa vitufe hivyo huchakaa kama kaboni ilivyochakaa. Kwa redio hiyo, potenshiomita mpya ya kaboni ndiyo tiba iliyo sawa. Fundi ashaurie chipu kwa redio ya namna hiyo ama anajaribia ujuzi wake kwenye mfuko wa mtu, ama hakufanya hesabu.

Kinyume chake pia hutokea, nacho huumiza zaidi. Chombo kipya kinaletwa, sauti imekwama, na fundi mzee aliyezoea bisibisi hakuti cha kuzungusha. Anasema bodi nzima imekufa. Pengine kilichokufa ni chipu moja ya miguu minane, au kitufe cha mpira kilichoingia maji ya sabuni. Ni kweli kwamba redio nyingi za sasa hupunguza sauti kwa hesabu ndani ya chipu kubwa ifanyayo kila kazi, na hapo fundi hana la kubadilisha. Lakini palipo na chipu ya peke yake, kulaani bodi nzima ni kumlipisha mwenye mali nyumba kwa ajili ya kitasa.

Upimaji wake hutofautiana na wa kaboni. Potenshiomita ya kale hupimwa ikiwa imezimwa: mita huwekwa kati ya mguu wa katikati na mmoja wa nje, kitufe kikazungushwa polepole, na hapo mita ya mshale hushinda ile ya tarakimu, kwani mshale unaoruka huonyesha kwa jicho mahali utepe ulipochimbika. Chipu ikizimwa haisemi neno la maana, sababu milango yake hufunguliwa kwa umeme. Hupimwa ikiwa hai. Katika X9C103, mguu wa 8 upate volti 5 na wa 4 uwe sifuri. Kisha mita itazame mguu wa 5, ulio mkono, huku kitufe cha chombo kikibonyezwa. Kama kuna volti thabiti kati ya mguu wa 3 na wa 6, na mguu wa 5 hausogei ingawa mipigo inafika mguu wa 1 na mguu wa 7 umeshushwa, chipu ndiyo yenye kosa.

Kabla ya kuing'oa, ikiwa kazi yake si sauti bali kipimo, kama katika mizani, fundi aandike kwanza volti alizozikuta kwenye mguu wa 3, wa 5 na wa 6. Chipu mpya haijui ya zamani ilisimama kituo gani, na katika bodi hiyo hapana mfuo wala tone la rangi la kumkumbusha. Akiisha kuipandisha chipu mpya mpaka mgao ule ule na kuiandikia kumbukumbu, mizani ijaribiwe kwa mawe ya kupimia yaliyokaguliwa kabla haijarudi dukani, na karatasi yenye namba hizo tatu, pamoja na tarehe, ibandikwe ndani ya kifuniko kwa ajili ya fundi atakayefuata.